Mhariri, kabla hamjatuambia tuongeze maji tuambieni kwanza tuangalie mizizi

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, na ule ukurasa wa nyumba na bustani ndo huwa naanza nao kabla hata sijafika kwenye michezo. Sasa juzi kati mmetoa makala ya maua ya ndani, nzuri tu kwa sehemu kubwa, ila mlipofika kwenye okidi mwandishi wenu akaandika kwamba ukiona majani yamelegea na kusinyaa basi mmea una kiu, umwagiwe maji kila siku asubuhi na jioni, na iwekwe samadi kidogo juu ya kopo ili upate nguvu. Hapo ndo nikaona niandike, maana watu wanaamini gazeti, na mtu mwenye okidi iliyolegea akiyafuata hayo maelekezo muda si mrefu anaenda kuitupa jalalani.

Mi ni fundi bustani, natunza maua ya watu majumbani na kwenye maofisi hapa Dar, na kama kuna simu naijua kabla sijapokea ni ya mtu mwenye okidi. "Fundi, ua langu limenyong'onyea sijui lina nini, na maji nalimwagia kila siku!" Yaani mtu anakutajia ugonjwa na chanzo chake kwa pumzi moja na mwenyewe hana habari.

Tuelewane kwanza. Jani la okidi likilegea likawa na mikunjo maana yake ni moja tu, maji hayafiki kwenye jani. Basi. Halijakwambia kwa nini hayafiki. Inawezekana kweli mmea umesahaulika mwezi mzima na mizizi imekauka, na inawezekana pia unanyweshwa kila siku mpaka mizizi imeoza yote, na mzizi uliooza haunyonyi kitu, kwa hiyo mmea umesimama ndani ya maji huku unakufa kwa kiu. Ni magonjwa mawili yanayopingana ila sura ni ile ile, na ukiutibu wa pili kwa dawa ya wa kwanza umeumaliza. Na kwa nyumba ninazoingia mimi huo wa pili ndo umejaa, wa kwanza nakutana nao kwa nadra, labda mwenye nyumba alisafiri na dada wa kazi hakuachiwa maelekezo.

Kwa nini iko hivyo? Okidi hizi tunazouziwa, zile za majani mapana manene yaliyokaa chini kwa jozi halafu shina refu linapinda na maua yamejipanga, kwenye kibandiko utakuta imeandikwa Phalaenopsis, zinakuzwa kwa wingi kwenye mabanda ya vioo huko Uholanzi lakini asili yake ni misitu ya joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino, Indonesia, mpaka kaskazini mwa Australia. Na huko kwao haioti ardhini. Inaota juu ya mti, imejishika kwenye gome, mizizi iko nje hewani, mvua ikinyesha inalowa, mvua ikikata upepo unaikausha ndani ya masaa machache. Haimnyonyi mti wake, watu wengi wanadhani ni kimelea, hapana, imekaa tu pale kutafuta mwanga na hewa. Mzizi wake umevikwa ganda nene lenye vitundu vidogo sana vinavyofyonza maji haraka, likishiba linakuwa kijani, likikauka linarudi jeupe la kijivujivu. Sasa chukua mzizi wa namna hiyo uuzike kwenye udongo mweusi na samadi, umwagie kila siku, hewa haipiti hata kidogo, unategemea nini?

Na si lazima uende Ufilipino kuliona hili. Tanzania tuna okidi zetu wenyewe mamia ya aina, panda kule Amani, Muheza, uangalie juu ya miti mikubwa, au hata huku ukanda wa pwani kuna ile yenye maua ya njano na madoa ya kahawia inayokaa kwenye panda za miti, inaitwa Ansellia. Hakuna anayeipelekea samadi.

Turudi kwenye mgonjwa. Ukiwa na okidi iliyolegea weka pembeni jagi la maji, shika kopo la mmea. Liminye minye pembeni, vuta taratibu, ikigoma iloweke kama dakika kumi mizizi ilainike iachie. Itoe yote. Najua watu wanaogopa, wanaona ukiing'oa ndo umeiua, lakini kwa okidi hili sio jambo la hatari. Itikise, ondoa vile vipande vya magome ya mti ilivyopandiwa, vilivyogeuka tope na vyenye harufu ya mtaro. Halafu chungulia katikati, chini kabisa ya shina, maana mara nyingi, na hili wauzaji wa barabarani hawalisemi sijui ni kutojua, utakuta kijikapu cha plastiki au kimfuko cha wavu kimekumbatia donge la mosi, ile mimea laini mikavu ya rangi ya nyasi kavu inayoshika maji sana. Mche ulikuzwa humo ukiwa mdogo, ulipokua ukahamishiwa kopo kubwa pamoja na kikapu chake. Kwa hiyo juu unaona magome makavu kabisa, unashika unasema hii imekauka, unaongeza maji, kumbe lile donge la katikati halijawahi kukauka tangu siku umenunua. Juu ya hapo kopo lenyewe limetumbukizwa kwenye chombo kizuri cha kauri kisicho na tundu, na chini maji yamelala. Hilo donge litoe lote, kata kikapu kwa mkasi, nyofoa kwa vidole, usilionee huruma.

Halafu pitisha vidole mzizi mmoja mmoja. Mzizi mzima ni mgumu, ukiubonyeza unakataa, unaweza kuwa mweupe, kijani, au hata wa njano kwa sababu ulikuwa ndani haupati mwanga, huo hauna shida. Uliooza ni wa kahawia, unabonyea, unatoa maji, na ukiuvuta ganda linavuka lote kama soksi unabaki na uzi mwembamba mkononi. Uliokauka ni mwepesi, mtupu ndani, unakatika. Kuna mingine ina sura mbaya, ina madoa, lakini ukiishika iko imara, hiyo iache, bado inafanya kazi. Watu wanakosea kukata kwa kuangalia rangi tu, rangi inadanganya.

Hapo sasa ndo unajua ugonjwa. Ukikuta mizizi mingi ni migumu na mikavu, basi hiyo kweli ilikuwa kiu, iloweke kwenye beseni dakika kumi na tano hadi ishirini, ichuruze, irudishe, halafu upunguze siku zako za kusahau. Majani hayatanyooka kesho, yatachukua wiki kadhaa, na yale yaliyokunjamana sana pengine hayatarudi kabisa kama zamani, wewe angalia jani jipya linalotoka katikati, likija limejaa limesimama basi mgonjwa amepona. Ila ukikuta mizizi imeoza, kata yote iliyooza mpaka ufike penye uzima. Mkasi upitishe kwanza kwenye moto wa jiko la gesi au uufute kwa spiriti, na urudie hivyo kabla hujahamia mmea mwingine, kwa sababu okidi zina magonjwa ya virusi ambayo hayana dawa na yanahama kwa mkasi, mi hili nalisimamia sana maana nikilegeza naweza kubeba ugonjwa wa Mikocheni nikaupeleka Mbezi.

Kwenye vidonda paka unga wa mdalasini, huu wa kawaida wa jikoni, unakausha na unazuia fangasi. Lakini kwenye kidonda tu, sio unanyunyizia mizizi yote kama unaunga pilau, ule mdalasini unakausha kweli kweli, ukigusa mizizi mizima utaiua na hiyo. Kama kuoza kumekuwa kukubwa nenda duka la pembejeo ukaombe dawa ya fangasi yenye mankozebu, fuata kipimo cha kwenye pakiti, vaa glavu, na tafadhali sana usipimie kwa kikombe cha chai kitakachorudi kabatini. Baada ya hapo iache wazi kivulini usiku mzima vidonda vikauke.

Sasa kuipanda tena unatumia nini, maana magome ya misonobari yanayopendekezwa huko mitandaoni hapa yanauzwa bei ya kuchekesha. Tuna vitu viwili vya bure au karibu na bure. Kwanza mkaa, mkaa huu huu wa kupikia ila uwe wa vipande vigumu, uvunje ukubwa wa nusu kidole gumba, chekecha vumbi lote, osha. Mkaa hauozi na hewa inapita, wakulima wa okidi Thailand wanautumia miaka na miaka. Cha pili makumbi ya nazi, kata vipande vipande kwa panga. Lakini hapa kuna mtego, kwa watu wa pwani hasa: makumbi yakiwa yametoka kwenye mashimo ya baharini, yale yanayofukiwa mchangani ili baadaye yapondwe yatoe usumba wa kamba, yamejaa chumvi na okidi haivumilii chumvi. Chukua makumbi makavu ya sokoni ambayo hayajaenda baharini, na hata hayo yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku mpaka maji yaache kutoka rangi ya chai ya rangi. Changanya na mkaa, mkaa uwe mwingi zaidi kama nyumba yako haina upepo, makumbi yazidi kama unaishi sehemu kavu mfano Dodoma.

Kopo liwe dogo, mizizi iliyobaki iingie kwa kubanana kidogo, na liwe la plastiki ya kuona ndani. Huna? Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa matundu mengi chini na ubavuni kwa msumari wa moto, hiyo ni kopo la okidi tena zuri kuliko la kauri la elfu thelathini, kwa sababu unaiona mizizi bila kuigusa. Na ifunge mmea kwenye kijiti usimame imara. Hili watu wanalidharau, lakini mizizi mipya ikichomoza ncha yake ni laini mno, mmea ukiwa unachezacheza kila upepo wa feni ukipita, ncha inajisugua kwenye mkaa inakatika, unabaki unashangaa mbona hauoti mizizi.

Maji, baada ya siku moja mbili ndo mwagia kwa mara ya kwanza. Na kuanzia hapo hakuna cha kila siku, hakuna cha kila Jumatano, angalia mizizi kupitia kopo: ikiwa kijani acha, ikiwa nyeupe ya kijivu mwagia mpaka maji yapite yote chini, churuza, rudisha. Ofisini kwenye AC inaweza kukauka haraka, sebuleni kwenye unyevu wa mwezi wa nne inaweza kukaa wiki na zaidi, ndo maana ratiba ya kuandikwa gazetini haiwezi kufanya kazi kwa kila nyumba. Mwagia asubuhi, sio usiku. Mbolea hapana mpaka uone mizizi mipya inakimbia, na hata ikifika hapo ni ile ya chumvichumvi iliyoyeyushwa, robo ya kipimo cha kwenye pakiti, kwenye mizizi iliyokwisha kulowa. Samadi peleka kwenye mchicha.

Kuna ile hali ya kutisha zaidi, umekata mpaka hakuna mzizi hata mmoja umebaki, una majani tu na kishina. Usitupe. Kama katikati ya majani pale panapotoka jani jipya bado ni kijani na pagumu, mmea uko hai, una akiba kwenye majani. Chukua mfuko mkubwa wa plastiki wa kuona ndani au lile boksi la keki lenye mfuniko, chini weka makumbi yenye unyevu, unyevu sio maji, weka mmea juu yake ukae kwenye kitu kidogo usizame, funga mfuko ukiacha upenyo. Weka penye mwanga lakini jua lisipite kabisa, mfuko ukipigwa na jua hata nusu saa unauchemsha mmea wote. Kila siku mbili tatu fungua upate hewa. Kama kuna shina la maua likate, mgonjwa hana nguvu za kupamba. Halafu ni kusubiri, wiki kadhaa, pengine miezi miwili mitatu, majani ya chini yatageuka njano yatakauka, usihangaike, mmea unajila wenyewe ili utoe mzizi. Sio zote zinapona, nisiwadanganye, lakini nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Isiyopona kirahisi ni ile iliyooza moyo. Okidi hii inakua juu kwa ncha moja tu, haina matawi, na kwao mtini inakaa imeinama kwa hiyo mvua ikiingia katikati ya majani inamwagika yenyewe. Sisi tunaipanda imesimama wima, tunamwagia juu kwa juu kama tunaogesha mtoto, maji yanalala kwenye ule moyo usiku kucha, asubuhi jani la katikati ukiligusa linachomoka lenyewe, chini yake ni jeusi na linanuka. Ukiwahi, inamishe maji yatoke, futa kwa tishu, mwagia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa ipovuke, futa tena, paka mdalasini, feni. Ncha ikishakufa haitarudi, ila mizizi na majani yakiwa mazima wakati mwingine inachipua mtoto pembeni chini ya shina, huyo mlee. Dawa ya kweli ya ugonjwa huu ni kumwagia pembeni tu, na yakiingia katikati yafute. Okidi za aina nyingine, zile za vijiti vingi vya kusimama wanaziita dendrobiamu, hizi haziangushwi na ncha moja, kijiti kikioza vipo vingine.

Majani nayo yana lugha yake lakini hapa nitapita haraka. Jani moja la chini kabisa likigeuka njano taratibu ni uzee, liache likauke. Doa jeupe linalokuja kuwa la kahawia kavu upande wa dirishani ni jua limeunguza, halisambai. Doa lenye majimaji linalopanuka kila siku na linalonuka, hilo ni la bakteria, kata mbali na doa leo hii, usisubiri kesho. Wadudu weupe wenye unga unga kwenye makwapa ya majani, hao vidung'ata, na vile vigamba vya kahawia vilivyojibandika chini ya jani, futa kwa pamba na spiriti, rudia kila wiki maana mayai yanabaki. Na majani kuwa kijani iliyokolea sana, watu wanapenda, wanasema limeshiba, hapana, hilo linakosa mwanga na ndo sababu halitoi maua. Mizizi inayotoka nje ya kopo inaninginia hewani usiikate na usiizike, ndo kawaida yake.

Mhariri, jambo lingine ni maji yenyewe. Nusu ya mji huu tunatumia visima na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, unaoga sabuni haitoi povu. Okidi ikinyweshwa hayo utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa kopo na ncha za mizizi zimeungua zimekuwa nyeusi, mtu anadhani ni fangasi anapiga dawa, kumbe ni chumvi. Kinga maji ya mvua masika na vuli, weka kwenye madumu yenye kifuniko mbu wasizaliane. Maji yanayodondoka kwenye bomba la AC nayo hayana chumvi, mi nayatumia, isipokuwa siku AC imetoka kusafishwa na dawa. Kama huna namna, basi kila baada ya muda pitishia mmea maji mengi safi ya kununua yasombe chumvi iliyokusanyika.

Nahisi mwandishi wenu alichukua mambo kutoka mitandao ya nje, na hapo simlaumu sana, wote tunasoma huko. Shida ni kwamba ushauri mwingi wa huko umeandikwa kwa nyumba yenye baridi nje na hita ndani. Wanasema weka dirisha la kusini, kwao jua liko kusini mwaka mzima, kwetu hapa mwezi wa sita jua limelalia kaskazini na mwezi wa kumi na mbili limehamia kusini, kwa hiyo dirisha zuri ni la mashariki, jua la asubuhi la upole, au lolote lenye pazia jepesi. Wanasema weka vipande vya barafu. Barafu ni njia tu ya kupimia maji kwa mtu anayezidisha, haina uchawi wowote na kwa joto la Februari hapa vipande vitatu vya barafu ni kuionjesha tu. Halafu kuna maji ya mchele, maganda ya mayai, kitunguu saumu, maganda ya ndizi, hivyo vyote nimevikuta kwenye makopo ya watu, na kila mara nimekuta na sisimizi na vile vinzi vidogo vyeusi. Kwanza matunda yaliyoiva yakae mbali na okidi kabisa, ndizi mbivu inatoa gesi inayoangusha vichipukizi vya maua, mtu kaweka bakuli la matunda na okidi meza moja kwa sababu inapendeza, wiki hiyo hiyo vichipukizi vyote chini.

Na kwa nini yako haitoi maua tena hata baada ya kupona? Okidi hii inahitaji usiku upoe wiki kadhaa ndo itoe shina jipya la maua, joto la mfululizo linaizuia hata kama imenawiri. Ndo maana mtu wa Lushoto, Arusha au Nairobi inamtolea maua hana hata habari, na sisi wa Dar tunalia. Nafasi yetu ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, hapo itoe chumbani uiweke barazani penye upepo wa usiku na mwanga mzuri wa mchana usio wa jua kali, halafu uwe na subira. Kama unaishi bondeni kwenye joto mwaka mzima na unataka maua ya uhakika, bora utafute dendrobiamu au vanda, hizo zinalipenda joto.

Moja la pembeni, kwa kuwa nimeshataja okidi zetu za porini. Kuna vijana wanapita na pikipiki wanauza okidi zilizobanduliwa mitini, mizizi imechanika yote, unauziwa mgonjwa tayari. Msinunue. Okidi zote duniani biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, ule mkataba wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na kule Kitulo, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hasa, watu wamechimba sana viazi vya okidi za ardhini kwenda kuuzwa Zambia kwa kutengeneza chikanda, chakula chao cha viazi hivyo vilivyosagwa. Zimepungua za kutosha, haihitajiki na sisi wa mjini tuongeze.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, mtoe masahihisho kwenye ukurasa ule ule, na hasa ile ya samadi na maji asubuhi na jioni. Na yule msomaji wa Morogoro mliyechapisha swali lake hamkumjibu, aliyeuliza kama aitupe okidi yake kwa kuwa maua yote yamedondoka na shina limebaki tupu: dada yangu au kaka yangu, usitupe. Maua yanakaa miezi miwili mitatu yakimaliza yanadondoka, sio ugonjwa. Kama majani yamesimama na mizizi ni migumu, kata shina juu kidogo ya fundo la pili au la tatu kuhesabu kutoka chini, linaweza kutoa tawi jingine, na kama majani yamelegea likate lote chini kabisa, halafu itoe kwenye kopo uangalie kile kijikapu cha katikati.

Wenu,
Fundi bustani, Tabata, Dar es Salaam